Titi Lililokwenda Nairobi Bila Pasi

Hapana, damu sikuiogopa. Najua hilo ndilo swali mnalo, mmelishika mdomoni kama githeri moto, mnaona aibu kulitema mbele ya shosho, nyanya yenu. Damu ni kitu ya kuosha na maji baridi. Ukiweka maji moto unaipika kwa shuka na haitoki tena, hiyo ni kitu ya kwanza nilijifunza na bado ni kweli. Kile niliogopa ni kufungua mdomo, kwa sababu kazi yangu ilikuwa mdomo. Mikono nilitumia kidogo tu, mwanzoni.

Mwanzoni nilipewa ndoo, kitambaa, na dawa ya sakafu yenye ilikuwa inachoma pua mpaka unalia kama umefiwa. Ilikuwa hospitali ndogo ya misheni, nje ya Thika. Jina naliacha huko liliko. Hii Ngoingwa mnajenga maghorofa ilikuwa shamba tupu, unatembea asubuhi hakuna mtu wa kukuuliza habari isipokuwa askari anataka pasi. Ilikuwa wakati wa Emajensi, serikali ya wakoloni inapigana na watu wa msituni. Mkikuyu hakutoka kijiji chake bila karatasi. Mimi kusoma sijui, kwa hivyo nilikuwa namwonyesha askari karatasi ikiwa kichwa chini, na yeye pia hajui kusoma, anaiangalia sana, anaitikia kwa kichwa, tunaachana kwa heshima.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Sista. Huyo ndiye mwenye wodi, msimamizi wa wauguzi, mzungu mrefu aliyeongea na pua kama mtu amekuwa na mafua tangu azaliwe. "Wewe, sichana. Fagia hapa tena. Iko vumbi. Mimi naona vumbi." Vumbi hakuna. Siku hiyo hiyo ya kwanza, wakati wa chai, nikawaonyesha wamama waliokuwa kwa foleni vile Sista anatembea akiona vumbi. Walicheka, halafu wakanyamaza wote pamoja, kama kuku wameona mwewe. Nikajua yuko nyuma yangu.

Akanipeleka kwa Daktari. Nikajiambia, haya Nyambura, umeajiriwa asubuhi na umefutwa kabla ya sufuria ya mchana kuchemka. Daktari alikuwa mwembamba, wa miwani, na akifikiria alikuwa anaangalia viatu vyake kama ndivyo vitamjibu. Sista akamweleza makosa yangu. Daktari akaangalia viatu, akasema, "Fanya mimi." Sikuelewa. Akarudia, "Nataka ona wewe fanya mimi." Basi nikaangalia miguu yangu, nikakunja uso, nikasema na ile Kiswahili yake ya shamba, "Mama, wewe iko ngonjwa wapi? Siogope. Mimi hapana kula watu." Alicheka mpaka akatoa miwani. Kesho yake ndoo ikapewa mtu mwingine.

Niwaeleze kwa nini. Daktari alikuwa na mkalimani tayari, na huyo alikuwa Dresa. Dresa ni yule wa kuosha vidonda na kufunga bandeji, na zamani alikuwa mtu mkubwa, watu walimwita daktari akiwa peke yake. Wetu alikuwa Mluhya, amejifunza Kikuyu vizuri, mtu wa kanisa, sauti nzito kama ngoma. Lakini sasa sauti kama hiyo ikimwuliza mama wa Kikuyu kama ana uvimbe kwa matiti, mama anageukia ukuta, anasema kichwa kinamuuma. Wanawake wote waliumwa na kichwa. Kidonda kiko kifuani kinanuka, nzi wanakifuata, na yeye anashika kichwa. Huko kwetu titi lilikuwa linaumia kichwani. Kwa hivyo Daktari alitaka mdomo wa mwanamke.

Dresa hakunikasirikia. Yeye ndiye alinifundisha kazi. Alinikalisha kwa benchi, akaniambia, "Dada yangu, ukitafsiri, wewe haupo. Usiseme daktari anasema. Sema mimi. Ukisema anasema, mgonjwa ataanza kukuuliza wewe, na wewe utaanza kumjibu, na hapo tumepotea wote." Basi nikawa naingia kwa mtu na kutoka. Daktari akisema mimi, ninasema mimi. Mgonjwa akilia mimi, ninamletea Daktari ile mimi na kilio chake ndani. Na sauti pia niliweka, singeweza kujizuia. Wamama walizoea. Walikuwa wanamwangalia Daktari na kunisikiliza mimi kama mimi ni redio yake.

Sasa hii ugonjwa. Siku hizi hata mtoto wa nasari anasema kansa. Sisi tulisema uvimbe mbaya, au ile kitu, au hatukusema. Daktari alikuwa anaitafuta. Kutibu ilikuwa upande mmoja na kutafuta upande mwingine. Alikuwa na wenzake Nairobi na wengine Ulaya, na wote walitaka kujua inatoka wapi. Kila mama mwenye uvimbe aliulizwa maswali. Unapikia kuni gani? Moshi unatoka wapi kwa nyumba? Unatumia ugoro? Mama yako alikufa na nini? Umezaa watoto wangapi, wavulana na wasichana? Mtoto alipenda titi la upande gani?

Mnaweza kuwaza wenyewe. Ni Emajensi, mzungu ameshika kalamu, anakuuliza una wavulana wangapi. Mama gani mwenye akili atajibu? Kila mmoja alikuwa amezaa wasichana. Ningemwona mama najua kabisa ana wavulana, wengine wako msituni, wengine kizuizini, ananiangalia machoni anasema, "Wasichana tu, Mungu hakunipa mwingine." Na kuni? Kuni hakuna, tunakula baridi, kwa sababu kuni nyingi ni za kupikia watu wa msituni. Mimi nikisema mimi, Daktari anaandika. Kwa hivyo kama kuna kitabu huko Ulaya kinasema wanawake wa Thika walizaa wasichana watupu na hawakuwasha moto, msikiamini.

Halafu kuna kukata kidogo. Kabla ya kukata kubwa, Daktari alitoa kipande kama ukucha, akakiweka kwa chupa ya formalini, hiyo ni dawa inafanya nyama isioze na inafanya macho yako yatoe machozi. Chupa ikafungwa, Dresa akaipeleka kwa dereva wa basi, ikaenda Nairobi kwa daktari mwingine mwenye kazi yake ni kuangalia vipande na hadubini. Huyo hajawahi kusikia mgonjwa akiongea. Jibu likirudi, Daktari alilisoma, halafu akaangalia viatu. Mimi nilikuwa nasoma viatu. Akiviangalia kidogo, ni uvimbe tu. Akiviangalia sana, ni ile kitu.

Siku moja nikamwuliza inatoka wapi. Nilifikiria anaficha, wazungu walikuwa na siri nyingi. Akanijibu, "Mimi hapana jua, Nyambura. Hapana mtu iko jua. Sisi natafuta tu." Akaniambia Nairobi kuna jiwe linaitwa radiam, limefungwa ndani ya madini ya risasi, mazito, kwa sababu linachoma bila moto, na wanaliweka karibu na uvimbe. Akaniambia Ulaya wanajaribu sumu, ile ya kuua watu vitani, wanaidunga mgonjwa kidogo na kuna uvimbe zingine zinanywea. Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa. Moto bila moto. Sumu ni dawa. Na mwenye kushika kisu anasema hajui anakata nini. Nikajiuliza, sasa mimi ninayesema mimi hapo katikati, ninasema nini?

Baadaye nikaongezewa Ruiru. Daktari alikuwa anaenda huko kwa mashamba ya kahawa, kila baada ya muda, na gari lake la nyuma wazi. Sista anakaa mbele, mimi nyuma na masanduku ya dawa. Tulikuwa tunaweka meza kwa veranda ya stoo ya kahawa, wafanyakazi wanapanga foleni. Na siku moja kwa hiyo foleni nikamwona tata.

Tata ni shangazi kwetu, dada ya baba. Jina lake Wairimu. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, tata akanichukua, nikalelewa pamoja na Njoroge, kijana wake mmoja tu, tunalala kwa ngozi moja na kupigania ganda moja la viazi. Tata alikuwa mchumaji wa kahawa na mdomo wake ulikuwa wembe. Hii kuiga watu nilirithi kwake. Aliweza kufanya mnyapara, yule msimamizi wa wachumaji, mpaka mnyapara mwenyewe anageuka kuona nani anamwita.

Akafika kwa meza. Sikumsalimia kama mtu wetu, kazi ni kazi. Daktari akauliza, mimi nikauliza. Tata akanitazama, akashika kichwa, akasema kichwa kinamuuma.

Nilikuwa nimesikia hicho kichwa mara nyingi sana.

Sista alizungusha shuka, tukaingia nyuma yake. Titi la kushoto. Uvimbe kama limau, na ngozi juu yake imevutwa ndani na kuwa na vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Nyinyi mnaosoma unesi mnajua hiyo ganda inasema nini. Daktari aligusa, akagusa kwapani, akaangalia viatu sana. Akasema, "Titi hii mbaya. Lazima kata yote. Upesi, ile kitu haijafika mbali." Nikasema mimi, nikasema lazima nikate.

Tata akavaa nguo yake polepole. Akaniambia mwambie bado. Daktari akauliza bado nini. Tata akaniangalia mimi, si yeye, akaniambia sababu, halafu akasema hiyo usimpe, hiyo ni yako.

Nyinyi nawapa, kwa sababu wote wamekwisha.

Asubuhi Njoroge aliposhikwa, askari walikuja na lori. Alikuwa amemdanganya mama yake. Alimwambia analala kwa mzungu wa maziwa, analinda ng'ombe, kumbe amekula kiapo cha watu wa msituni na analala kwingine, na kila mtu kijijini alijua isipokuwa mama yake. Kwa sababu yake askari wakaingia kwa tata, wakavunja mtungi, wakamwaga unga, wakampiga na kitako cha bunduki akiwa na kamisi tu. Njoroge akaburutwa mpaka kwa lori. Na tata, na ile hasira na ile aibu, akatoa titi la kushoto mbele ya watu, akalishika, akamwambia, "Kama hili ndilo ulinyonya, usikanyage mlango wangu tena."

Mama wa Kikuyu anaweza kukutukana mchana kutwa na jioni akakupikia. Lakini akishika titi akasema, hiyo maneno haianguki chini, inaenda na wewe. Pasta haitoi, mzee haitoi, hata mbuzi wa kuchinja hatoshi. Ni yeye mwenyewe anaitoa, ameshika titi lile lile, na mtoto yuko hapo mbele yake, anamtemea mate kifuani anambariki. Njoroge akapelekwa mbali, sijui kambi gani, joto na mawe. Wengine walianza kurudi. Yeye harudi. Tata alijua kwa nini harudi. Yeye ndiye aliufunga mlango.

"Wakilikata," akaniuliza nyuma ya ile shuka, "nitamrudisha na nini?"

Daktari anangoja. Nikasema, anasema bado.

Na hiyo bado ikaendelea. Tukija Ruiru, tata yuko kwa foleni, anakubali kuangaliwa, anakataa kukatwa. Mara nyingine anamletea Daktari ndizi, kama yeye ndiye anamhurumia. Limau ikawa chungwa. Daktari alikuwa na swali kwa kitabu chake, aliuliza wote: kwa nini umechelewa kuja? Akimwuliza tata hilo, tata anaangalia juu ya paa ya stoo. Nilijaribu kumwambia tata nimpe Daktari sababu, pengine anaweza kusema na wakubwa wa kambi. Akaniambia, "Ukimwambia mzungu mtoto wangu alikula kiapo, hiyo si kumrudisha, hiyo ni kumzika." Alikuwa na haki. Kwa maswali ya Daktari yeye pia alikuwa amezaa msichana mmoja, na huyo msichana ni mimi.

Tata alituma watu wa kanisa waulize kama anaweza kwenda kumwona Njoroge kambini. Wakarudi wanaangalia chini. Kule wamama hawaruhusiwi.

Siku ile Daktari aligusa uvimbe mwingine kwapani mwa tata alinikasirikia mimi, kwa sababu ni mimi nilikuwa mdomo wa bado. "Mwambia yeye, kama ngoja mpaka kahawa hii kwisha iva, kisu hapana saidia. Mwambia vizuri." Nikamwambia vizuri. Tata akaniambia nikipata pasi ya kulala, nije kijijini.

Nilienda. Ilikuwa mchana, watu wako kwa kazi. Vile vijiji vya Emajensi nyumba zilikuwa zimebanana kama meno, unasikia jirani akigeuka kitandani. Tata akafunga mlango. Akatoa koti la Njoroge, lile la kaki lenye kifungo kimoja, akanivisha. Nikafikiria homa imempanda. Akaniambia, "Wewe unajua sauti yake kuliko mimi. Na kazi yako ni kusema mimi kwa mtu mwingine. Si ndiyo inakulisha? Haya. Kuwa Njoroge."

Nilimwambia tata, hiyo ni ya kuchekesha watu, si ya maneno kama haya. Akasema Daktari wako si Mkikuyu na anakata Wakikuyu kupitia mdomo wako, na wanakatika.

Nikapiga magoti. Nikatafuta Njoroge kooni. Alikuwa na sauti nzito inayoanza kwa kifua, na kabla ya kusema kitu cha maana alikuwa anavuta pumzi kidogo, kama mtu anataka kuinua gunia. Nikavuta hiyo pumzi. Nikasema, "Mama, ni mimi. Nimekuja."

Tata alifumba macho. Akashika lile titi, na liliuma. Akasema maneno yake yote, nyinyi siwapi hayo. Akanifungulia ule mlango aliomfungia Njoroge. Akanitemea mate kifuani, kwa koti, akasema uende na urudi, ulale na uamke, nyumba yangu ni yako. Mimi nikaitikia na sauti ya kijana, na machozi yalikuwa yangu. Akafungua macho, akaona ni mimi, akavuta koti akalikunja vizuri. Akasema, "Nyambura, kamwambie Daktari wako limemaliza kazi. Walichukue."

Hayo mate yalikauka kifuani mwangu. Ile baraka ilishuka kwa nani? Nimezaa, nimezeeka, meno yangu ninayo, nimezika watu wote mnaowasikia hapa. Wakati mwingine nafikiria nilimwibia Njoroge. Wakati mwingine nafikiria ni maziwa ya hapa Makongeni ninapokaa, watu wa Makongeni hatufi haraka.

Walilikata. Chumba cha kukatia tuliita thieta. Sista alishika kitambaa cha etha puani, hiyo ndiyo dawa ya kulaza, na kwa sauti yake ya mafua akamwambia, "Vuta, mama, vuta," na tata, akilegea, akamwiga, "Vuta, mama." Sista akaniangalia. Hakucheka, lakini alitaka. Wakati huo kukata ilikuwa kukata. Walitoa titi lote, na nyama ya chini yake, mpaka kwapani, wakabakisha ngozi juu ya mbavu kama nguo juu ya kamba. Ndivyo walivyofundishwa, ukitoa zaidi umetoa salama. Likawekwa kwa chupa kubwa, Dresa akalibeba mpaka kwa basi.

Tata alipoamka, kitu cha kwanza aliuliza ni liko wapi. Nikamwambia limeenda Nairobi kuangaliwa. Akafikiria. "Mimi wananinyima pasi ya kufika Kiambu," akasema, "na titi langu limeenda Nairobi peke yake." Akacheka mpaka kidonda kikamchapa.

Kwa muda alikuwa sawa. Akarudi kuchuma, kikapu upande wa kulia. Halafu mgongo ukaanza. Akafikiria ni kahawa. Daktari akambonyeza mifupa, akaangalia viatu muda mrefu mpaka mimi nikaviangalia pia. Ile kitu ilikuwa imeingia kwa mifupa.

Hapo ndipo tulipata dawa mpya. Ilikuja kwa chupa ndogo, mafuta ya kudunga kwa tako, mazito, sindano inasukumwa polepole. Daktari alinieleza nimweleze. Ilikuwa nguvu ya mwanamume, imetengenezwa na watu wa dawa, na Ulaya waliona wanawake wengine wenye ile kitu ya titi wakidungwa hiyo, maumivu yanapungua na wanasimama tena. Kwa nini? Hapana jua. Nikamwuliza kama tata atakuwa mwanamume. Akaangalia viatu. "Kidogo," akasema.

Na ilifanya kazi. Aliyekuwa anabebwa kwenda choo akaanza kutembea akishika vitanda. Lakini ndevu zikaota kidevuni, chache, ngumu. Na sauti ikashuka. Kila baada ya sindano ilikuwa inashuka ngazi moja. Yeye alikuwa anajichekelea, anasema akitoka hapa anaenda kukaa baraza na wazee, wampe kiti na ugoro. Mimi sikucheka. Nilikuwa naingia wodini na ninasikia, kutoka kwa kitanda cha tata, Njoroge akiitisha uji. Ile ile. Hata ile pumzi ya kuinua gunia. Mimi niliyeiga dunia yote nikakosa kujua nani anamwiga nani.

Watu huniuliza kwa nini niliacha kutafsiri nikaenda kufua, nikafua mashuka mpaka nikastaafu, na kutafsiri kulikuwa na heshima zaidi. Nasemanga ni mgongo. Sasa nakaa hapa Makongeni kwa kiti changu, na huyu mjukuu anaandika vile nasema na kurekebisha, nimemwambia asirekebishe. Ananiambia siku hizi titi halikatwi lote kila mara, wanatoa uvimbe peke yake. Sisi tulikuwa tunachoma shamba nzima kushika mwizi mmoja. Ananiambia kuna dawa inatafuta aina ya uvimbe wako wewe, si wa jirani, na ile sumu ya vita imezaa watoto na wajukuu, ndiyo hiyo drip wanatundika. Nikaenda kliniki na jirani yangu, nikamwuliza daktari kijana, msichana mzuri, hii kitu inatoka wapi. Akaniambia kuna sababu nyingi, bado wanatafuta. Akaangalia simu yake. Nikamwona Daktari wangu. Viatu tu ndivyo vimebadilika.

Lakini mgongo si sababu.

Njoroge aliachiliwa. Alifika Ruiru na miguu, amekonda, akaambiwa mama yako yuko Thika hospitali, akaja hivyo hivyo. Aliingia wodini mchana, wakati wa Daktari kupita vitanda, na mimi niko nyuma ya Daktari kwa kazi yangu. Akasimama mlangoni anatafuta. Akapita kitanda cha mama yake. Hakumjua. Ni tata alimwita, na ile sauti, "Njoroge," na kijana akageuka kama mtu amejiita mwenyewe.

Akakaa kwa kitanda. Akagusa zile ndevu. Hawakulia, watu wetu hawalii mbele ya mzungu. Tata alikuwa anang'aa. Akanionyesha na kidole, akamwambia yale maneno niliyatoa, usiwe na wasiwasi, Nyambura alipiga magoti mahali pako na koti lako, nikasubiri mpaka nikayatoa yote, ndiyo nikawapa titi. Umeona? Umerudi.

Njoroge akauliza maneno gani.

Tata akamwambia. Asubuhi ile, kwa lori, nikishika titi.

Njoroge alikunja uso akitafuta. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama yake. Akavuta ile pumzi. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anasema juzi mvua haikunyesha. "Mama, mimi sikusikia maneno. Lori lilikuwa linanguruma, na kila mama alikuwa anapiga kelele."

Daktari alikuwa ameshika kitabu chake. "Sema nini, Nyambura? Yeye nasema nini?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta sauti ya kuvaa, ya Njoroge, ya tata, ya mtu yeyote. Hakuna moja ilikuja.

Tata akaweka mkono upande wa kushoto, pale palipobaki bapa kama ubao, na kwa ile sauti ya mtoto wake akaniambia, "Mwambie daktari anirudishie titi langu."